Siku Tatu za Ghala la Mbwilo

Kilele cha tatu kilitokea Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, na safari hii Atupele Mwasikili hakuweza tena kujiambia kwamba ni kosa la mashine.

Alikuwa amefanya kila alichofundishwa. Alikagua bomba la kuvutia hewa lililopanda mlingoti wa mita thelathini, akalikuta zima. Alipitisha hewa ya kipimo, ile ya mtungi uliojazwa zamani na kufungwa ili mashine ijisahihishe kabla na baada ya kila sampuli, nayo ikasoma vilevile ilivyosoma jana na juzi. Kisha akasubiri. Mashine ilivuta lita mbili za hewa ya uwanda wa Kitulo, ikaigandisha hadi nyuzi mia moja sitini na tano chini ya sifuri, ikaipasha polepole, na gesi zikaanza kutoka moja moja kama watu wanaotoka kanisani, kila moja kwa zamu yake na kwa uzito wake. Nyingi zilipita bila kelele. Ilipofika zamu ya gesi ya 134, ile ya mashine za baridi za zamani, mstari ulipanda, ukazidi kupanda, ukasimama kwenye arobaini na tatu.

Ulitakiwa kusimama kwenye kumi na moja. Sehemu kumi na moja kwa trilioni, sawa na punje kumi na moja za mchele ndani ya magunia laki mbili. Atupele alikuwa amehesabu punje hizo kwa miaka tisa, na alizijua kama mama anavyojua pumzi za mtoto aliyelala.

Mzee Gwakisa, fundi wa kituo, aliingia akipangusa mikono kwa kitambaa. Akautazama mstari, akauliza kama kuna mtu aliyejipulizia manukato. Lilikuwa swali la kazi, ingawa aliliuliza kwa utani. Mwaka uliopita dereva mgeni alijipulizia dawa ya kwapa hatua kumi kutoka mlingotini, na mashine ikachanganyikiwa siku nzima. Tangu hapo Mzee Gwakisa aliwanusa wageni langoni kabla ya kuwasalimia, na kuna waliodhani ndiyo mila ya Kitulo.

Lakini wiki hiyo hakuna mgeni aliyepanda. Na vilele vyote vitatu vilikuja baada ya upepo kugeuka na kutoka magharibi, na vyote mchana, jua linapopasha mabonde na hewa ya chini kupanda uwandani.

Atupele akafungua ramani ya upepo. Ilikuwa programu ndogo tu ukilinganisha na ile kubwa ya dunia nzima iliyoitwa Mizani, ila ilitosha kurudisha hewa ilikotoka, saa kwa saa. Mstari mwekundu ulianzia mlingotini, ukateremka ukingo wa magharibi, ukapinda mara mbili, ukaishia kwenye bonde la Mbwilo. Bonde hilo lilikuwa na vitu vitatu vilivyotumia umeme: shule, mashine ya kusaga, na ghala la baridi la viazi.

Mzee Gwakisa alivua kofia yake ya sufu.

Ghala hilo halikuwa na viazi tangu Aprili. Mvua ya mwezi huo ilinyesha siku tisa bila kupumzika, na asubuhi ya siku ya kumi mlima uliteremka juu ya kijiji cha Isangamalo. Watu sitini na mmoja walifukuliwa, na mahali pa kuwalaza palikuwa hapo tu. Arobaini na wawili walishatambuliwa na kuchukuliwa. Kumi na tisa walibaki na namba. Sasa ulikuwa mwezi wa Julai.

Kissa, mdogo wake Atupele, alikwenda Isangamalo siku zile za mvua kumwona rafiki yake aliyejifungua. Alisema atalala siku mbili.

*

Kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana, mpimaji wa kila kituo alisaini vipimo vya wiki na kuvituma. Vituo vilikuwa mia mbili duniani kote. Mizani ilipokea vipimo hivyo, ikaziuliza pepo zote zilikotoka, ikatoa jibu: gesi fulani, kilo kadhaa, jengo fulani. Zamani kila nchi ilijaza fomu kueleza imevujisha kiasi gani, na ilipogundulika kwamba gesi iliyokuwa angani ilizidi kwa mbali ile ya kwenye fomu, sheria iliacha kuwauliza watu ikaanza kuiuliza hewa. Jengo likishatajwa, mita yake ya umeme hujifunga baada ya siku tatu. Rufaa ipo, lakini husikilizwa mashine ikiwa imeshazimwa na gesi imeshanyonywa.

Atupele aliipenda sheria hiyo. Aliwahi kuitetea kwenye harusi ya watu, mbele ya mjomba mwenye kiwanda cha barafu, mpaka mama yake akamfinya.

Jumapili asubuhi alimpigia simu Sanga, mlinzi wa ghala. Sanga alikuwa mtunza viazi, na bila kuulizwa akajikuta mtunza maiti. Alijibu kwa sauti ya chini, kama kawaida yake siku hizi. Walisalimiana, wakaulizana habari za baridi, na Atupele akauliza, kana kwamba wazo limemjia tu, kama mashine za ghala zinaongezwa gesi mara kwa mara.

Sanga alimweleza yote bila kuficha. Mashine zilikuwa za miaka mingi, zilitakiwa kung'olewa msimu huu. Koili, lile bomba la kupozea, ilikuwa imetoboka mahali pasipofikika. Fundi aliyeitwa alisema tiba ni kuzima, kufungua na kubadilisha, kazi ya wiki tatu, na hakuna aliyethubutu kuzima. Kwa hiyo kila Ijumaa waliongeza gesi kutoka kwenye mitungi ya zamani iliyopatikana stoo. Kiasi gani? Kilo tatu, mara nyingine tatu na nusu.

Kilo tatu na nusu. Atupele alipiga hesabu kichwani kabla hajaweza kujizuia. Joto lake angani lilikuwa sawa na moshi wa gari moja lililotembea mwaka mzima, na hilo lilitoka kila wiki kwenye tundu ambalo hata sindano ingeona dogo.

Akauliza itakuwaje umeme ukikatika. Sanga akasema wilaya ilishatoa maagizo. Baridi ikizima, wote waliobaki watazikwa siku hiyohiyo, shimo moja.

"Kwa nini unaniuliza, dada?"

Atupele alisema anauliza tu.

Sanga alivuta pumzi. Kisha akasema jambo ambalo huenda alikuwa amelibeba siku nyingi. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na wanne nyumba zao zinajulikana. Jamaa zao wanajua kwamba wakija kutoa mate, mashine ya kupima vinasaba italinganisha na kutoa jibu kwa saa sita. Wanajua, na hawaji. Wanapiga simu kila wiki kuuliza kama baridi ipo. Wakiambiwa ipo, wanashukuru na kukata.

"Siwalaumu," alisema Sanga. "Lakini na wewe dada ni mmoja wao. Leo ni mara ya kumi na moja unapiga."

*

Jumapili nzima Atupele hakula. Alipanga makabati ya kituo, akayapanga tena. Alitoka nje akasimama kwenye nyasi zilizounguzwa na baridi kali, akiutazama ukingo wa magharibi kana kwamba gesi ingeweza kuonekana ikipanda.

Mzee Gwakisa alimfuata na kikombe cha chai. Walikunywa wamesimama. Baadaye mzee akatoa mfukoni kopo lake la pumu, la aina ya zamani, akalishika kama mtu anayepima uzito wake. Ndani ya makopo hayo dawa husukumwa na gesi ileile ya 134. Kwa miaka thelathini na moja, kila kifua kilipombana, Mzee Gwakisa aliacha alichokuwa akifanya, akatembea hatua mia mbili upande upepo unakokwenda, akavuta dawa huko. Hata usiku wa mvua. Mara moja alianguka njiani akitembea hatua hizo, na alipozinduka kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa mwelekeo wa upepo.

Kwenye daftari la kituo palikuwa na alama ya K. Maana yake ni kwamba kipimo kimechafuliwa na kituo chenyewe, na Mizani ikiiona hukitupa kipimo hicho bila maswali. Katika miaka yake yote, Mzee Gwakisa hakuwahi kusababisha K hata moja. Alijivunia hilo kuliko watoto wake.

"Andika kwamba ni mimi," alisema. "Andika nimezeeka, nimevutia dawa chini ya mlingoti. Siku tatu mfululizo. Watasema babu amechoka, basi."

"Na wiki ijayo, baba?"

"Wiki ijayo nitakuwa nimezeeka zaidi."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Atupele alitamani kumkumbatia na kumfukuza kwa wakati mmoja. Uongo huo ungepita. Hilo ndilo lililomtia hofu. Gesi ni ileile, ukubwa wa vilele ungeeleweka, na hakuna mtu duniani ambaye angemshuku mzee mwenye pumu.

Alirudi ndani akaketi mbele ya daftari. Alijaribu kuwaza kama mtu asiye na ndugu. Ghala likiendelea hivi mpaka Desemba, K zingefika mia na zaidi. Kila K ni mchana mmoja ambao Kitulo ingekuwa kipofu, na magharibi ya Kitulo hapakuwa na kituo kingine kwa kilomita mia sita. Yeyote ambaye angetaka kuvujisha chochote upande ule angekuwa huru. Kisha akamwaza mpimaji mwenzake wa kisiwa cha mbali, mwanamke ambaye hawajawahi kuonana, wanaandikiana tu kuhusu mitungi ya kipimo. Huenda naye ana ghala lake. Huenda wapimaji wote mia mbili wana maghala yao, na kila mmoja ana sababu nzuri kama hii. Mvua ya siku tisa haikuangushwa na mtu mmoja mbaya. Iliangushwa na sababu nzuri nyingi, zilizokusanyika juu miaka mingi bila mtu kuzihesabu.

Haya yote aliyaelewa. Hayakumsaidia. Maana kila alipofumba macho alimwona Kissa akiwa hai mahali fulani, amepoteza simu, amekasirika, yuko njiani. Ghala likiwa na baridi, picha hiyo ilidumu. Angekwenda kutoa mate, ingeisha.

Hapo ndipo alipoogopa kwa kweli. Aligundua kwamba hakuwa akichagua kati ya marehemu na hewa. Alikuwa akitaka gesi iendelee kuvuja ili yeye asiambiwe.

*

Jumatatu saa tano na nusu alisaini vipimo kama vilivyo, bila K hata moja. Alisaini mara mbili kwa sababu saini ya kwanza ilikataliwa.

Jibu lilikuja saa sita na dakika nne. Gesi ya 134, kilo tatu na robo kwa wiki, ghala la baridi, bonde la Mbwilo. Umeme utafungwa Alhamisi saa sita mchana.

Alimpigia Sanga kabla hajasikia kwa mwingine, akamwambia ni yeye aliyesaini. Sanga hakugomba. Aliuliza tu kama amtumie namba za simu za zile nyumba nyingine kumi na tatu, kwa sababu atahitaji mtu wa kusaidiana naye kupiga. Waligawana, saba kwa Sanga, sita kwa Atupele. Watatu kati ya sita wa Atupele walimtukana. Mmoja, mwanamke wa Matamba, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza kwa upole kabisa:

"Wewe umeshakwenda?"

"Nakwenda kesho."

"Basi tutaonana."

Jumanne uwanja wa ghala ulijaa watu waliokwepana kwa miezi mitatu. Kumi na tatu kati ya nyumba kumi na nne zilikuja. Wapo waliomjua Atupele kwa sura, na habari ilizunguka kwamba ndiye aliyefunga umeme. Kijana mmoja alimuuliza kwa sauti kama anajisikia vizuri sasa. Yule mwanamke wa Matamba alimwambia aache, dada naye amesimama kwenye foleni. Foleni ilisogea.

Atupele alitema mate kwenye kichupa, akaandika jina la ukoo, akaketi juu ya kreti la viazi. Ndani mashine za baridi zilikoroma. Alizisikiliza kwa saa sita. Jioni Sanga alitoka na karatasi, akaja moja kwa moja mpaka alipoketi, akachuchumaa ili asiseme akiwa juu yake.

"Ndaga, dada," alisema. Ni pole ya kwao Atupele. Sanga alikuwa Mkinga, lakini alijifunza neno hilo mwaka huu. "Yupo. Namba ishirini na nne."

Jumatano walimzika Kissa nyumbani, kwenye migomba, mbele ya watu wengi. Jumatano hiyohiyo jioni Atupele alipiga simu ghalani. Waliobaki walikuwa sita: mmoja wa nyumba iliyokataa kuja, na watano ambao hakuna aliyejua wa nani.

*

Aliondoka Alhamisi alfajiri kabla ndugu hawajaamka kumzuia. Alifika Mbwilo saa tatu, na Mzee Gwakisa alikuwa ameshateremka kutoka uwandani. Alikuwa ameacha kituo kikijiendesha chenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe.

Hakukuwa na ndugu wa kuwaandaa wale sita, kwa hiyo waliwaandaa wao watatu. Atupele alidhani hataweza. Kilichomwezesha ni daftari. Alilifungua kama anavyolifungua kila asubuhi, akaandika saa, akaandika namba, kisha akaandika alichoona, bila kuongeza wala kupunguza: urefu, nywele, kovu, rangi ya nguo, kifungo kilichobaki. Sanga alimshikia taa. Alipomaliza mmoja alimfunika, akaenda kwa mwingine.

Saa sita kamili mashine zilizima. Alikuwa amezizoea kiasi kwamba ukimya ulimfanya ageuke kutazama nani ameingia.

Shimo lilikuwa moja kama maagizo yalivyosema, lakini hakuna agizo lililokataza kulipima. Atupele alipima kwa futi kutoka kona ya ghala, akaandika nani amelala wapi. Sala aliiongoza Mzee Gwakisa, kwa kifupi, kwa sababu kifua kilikuwa kimeanza kumbana.

Jumamosi, Atupele akiwa amerudi kumsaidia Sanga kufunga vitabu, mtu mmoja aliingia uwanjani akitembea haraka kama aliyechelewa gari. Alikuwa mtu mzima, viatu vimejaa vumbi, jina lake Mahenge. Alisema ametoka Songea. Alisema mke wake alipita Isangamalo mwezi wa Aprili akienda kwao, na tangu hapo alikuwa akimsubiri apige simu. Watu walimwambia aje kutazama. Alikuwa anasema atakuja wiki ijayo. Alhamisi jioni alisikia kwenye redio kwamba ghala limefungwa.

Sanga alichukua mate yake, akayapeleka kwenye mashine ya vinasaba, iliyokuwa imehamishiwa shuleni kwenye umeme. Saa sita zile zilipita wote watatu wakiwa wameketi juu ya makreti. Jibu lilikuwa namba hamsini na mbili.

Mahenge aliuliza kama anaweza kumwona. Sanga alimtazama Atupele.

Angeweza kumwachia Sanga aseme. Angeweza kusema umeme ulikatwa, sheria ni sheria, mashine iliamua. Maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni, na yote yalikuwa kweli.

"Tulimzika juzi," alisema. "Mimi ndiye niliyesaini ghala lifungwe. Nilijua wapo wasio na mtu, nikasaini."

Mahenge alimtazama muda mrefu. Uso wake haukuonyesha hasira, wala haukuonyesha msamaha. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta pa kushika.

"Ulimwona wewe mwenyewe?"

"Nilimwona."

Mahenge aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama, akanyoosha miguu yake kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Basi niambie," alisema. "Anza juu. Usiruke kitu."

Atupele akaketi karibu naye, akafungua daftari, akaanza na nywele.